Kipande cha Kati

Melania alipofika uani kwa Mama Riyaz, matope yalikuwa yamempanda hadi kwenye vifundo vya miguu, na mkeka ulikuwa umeshatandikwa.

"Shikamoo, Mama Riyaz."

"Marahaba, Mama Herman. Vua hapo hapo. Usiniingizie matope ya Nyasubi nzima ndani."

Melania akavua viatu, akasuuza miguu kwa kopo la maji ya pipa. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwaka wa tisini na saba, saa tisa alasiri, na mvua ilikuwa imepumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuendelea na ugomvi. Tangu Oktoba ilikuwa hivyo. Redio ilisema ni El Nino. Watu wa Kahama, ambao mwanzoni mwa mwaka huo huo walipanga foleni ya mahindi ya msaada kwa sababu ya ukame, walisema Mungu amesahau kufunga bomba.

Kwenye mkeka vitabu kumi vilikuwa vimepangwa kwa mstari, Januari hadi Oktoba. Pembeni palikuwa na chupa ya chai, sahani ya kachori, vikombe vitatu na viti vitatu. Melania aliviona viti. Mama Riyaz aliona kuwa ameviona.

"Nimevitoa kwa mazoea," alisema. "Kaa popote."

Mama Riyaz, Rubab kwa jina lake, alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Tabora, mwenye duka la vitambaa na madaftari karibu na soko. Mwanawe Riyaz alipokwenda Dar es Salaam kufuata mizigo, alimletea mama yake riwaya moja ya Kiswahili kila mwezi. Moja tu. Riyaz alisema watu wa Kahama wananunua khanga na wananunua sululu, hawanunui hadithi. Kwa hiyo wasomaji walikuwa watatu, kitabu kimoja, na huko mwanzoni kila mmoja alimngoja mwenzake mpaka hamu ikachacha.

Aliyemaliza kungojana alikuwa Melania. Yeye alikuwa bibi maendeleo wa kata, mwenye stashahada ya chuo na watoto wanne, na hakuwa mtu wa kulibembeleza tatizo.

"Tukikate," alisema siku moja.

Mama Riyaz alishika kifua. "Kitabu?"

"Kitabu si mtoto. Tukikate vipande vitatu, kila mmoja asome chake siku kumi, tubadilishane. Mwezi ukiisha wote tumemaliza."

"Na atakayeanza na mwisho?"

"Atavumilia."

Msomaji wa tatu, Nyamizi, ambaye mtaani aliitwa Mama Tabu, ndiye aliyecheka. Alikuwa fundi cherehani, amekaa barazani kwa Mama Riyaz na mashine yake ya miguu tangu alipokuja Kahama kutoka Ushirombo. Aliishia darasa la saba. Alisoma midomo ikimcheza kama mtu anayesali, polepole, lakini hakuna herufi iliyompita bila kusalimiwa. Alifungua droo ya mashine, akatoa wembe, akauliza, "Basi nikate wapi?"

Ikawa desturi. Nyamizi alikata, kisha kila kipande akakipigia mshono wa uzi mnene ili kurasa zisichomoke. Jumapili ya mwisho ya mwezi walikutana uani, wakaongea, wakagombana, na Melania akaandika kwenye daftari: mwezi, kitabu, nani alianza na kipande gani, na neno la kila msomaji. Desemba walirudi nyuma wakapitia mwaka mzima, wakapiga kura. Kitabu kilichoshinda Nyamizi alikiunganisha tena kwa mkono, akakivisha jalada la kitenge, kikapanda kwenye rafu ya sebuleni kwa Mama Riyaz. Vilivyobaki vilifungwa kamba vikapelekwa shuleni vikiwa vipande hivyo hivyo, na walimu wakalalamika.

Mwaka huu mshonaji hakuwapo. Nyamizi alikuwa amezikwa Katoro, upande wa Geita, tangu wiki ya kwanza ya Novemba. Barua ya dada yake ililetwa na dereva wa lori wiki tatu baadaye, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika mahali pawili.

Melania alilia, akajipangusa uso, akaenda kazini. Hilo aliliweza. Alilokuwa hajaliweza ni jambo moja, dogo, lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku Nyamizi anaondoka kwenda kwa dada yake, alipita hapa kwa Mama Riyaz kuaga. Akakaa, akanywa chai. Kwa Melania, nyumba tatu tu mbele, hakupita. Walikuwa wamejuana miaka sita. Nyamizi ndiye aliyemshonea Herman kaptula yake ya kwanza ya shule. Kwa nini hakupita? Mkononi Melania alibeba daftari ndani ya mfuko wa rambo, lakini swali hilo ndilo lililomleta.

"Tuanze," Mama Riyaz alisema, akimimina chai. "Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni. Nikishaanza kufunga sitaki mambo yanayoning'ang'ania."

"Januari. *Saa ya Mkaguzi*." Melania alisoma kama anasoma muhtasari wa kikao. "Mimi nimeandika, 'Mkaguzi ni mpumbavu.' Wewe, 'Maneno matamu, watu wachungu.' Nyamizi..." Akafuata mstari kwa kidole. "'Koti la mkaguzi lina vifungo vitatu ukurasa wa kumi na mbili, viwili ukurasa wa tisini. Mke wake hampendi.'"

Mama Riyaz alicheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikamkatikia njiani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Hakuna aliyeliona hilo. Hata aliyekiandika sidhani kama aliliona."

"Februari. *Pete ya Shangazi*. Mimi, 'Kurasa mia mbili kutafuta pete. Angenunua nyingine.'"

"Wewe hufai kupewa hadithi, Mama Herman. Ungepewa ripoti."

"Ripoti haikuzungushi. Nyamizi, 'Nimelia. Mama Riyaz amelia pia ila amekataa isiandikwe.'"

"Na wewe ukaandika."

"Katibu kazi yake ni kuandika. Machi. Hiki ndicho changu, nakwambia mapema."

*Daraja la Mto Mkavu* kilimhusu mhandisi aliyejenga daraja juu ya mto usio na maji. Wanakijiji walimcheka miaka saba, mpaka maji yalipokuja. Mwezi ule wa tatu, ng'ombe wa huko kwao Songwa wakifa kwa kiu, Melania alikipenda kwa ubishi. Sasa madaraja ya kweli yalikuwa yamezolewa, na alikipenda kwa ushahidi. Alisoma neno la Nyamizi bila kuinua macho: "'Mhandisi alikuwa na haki, lakini hakuna aliyemkaribisha ugali. Haki nayo ina njaa yake.'"

Akafunua ukurasa.

"Aprili. *Mpangaji wa Uani*. Hiki tukiruke. Mei..."

"Turuke kwa nini?"

"Kilikuwa kibaya."

"Vibaya pia huwa tunavisoma. Soma ulichoandika."

Mama Riyaz hakuwa anatania. Alikuwa ameweka kikombe chini. Melania akasoma, kwa sababu kukataa kungekuwa kukubali jambo asilolijua.

"'Mwanamke mwongo. Amekula na watoto wa watu huku anajua anaumwa. Ningekuwa mwenye nyumba ningemtengea kikombe na sahani, kisha ningemtafutia gari la kwao.'"

Kilikuwa kitabu cha mjane ambaye mume wake alirudi kutoka migodini kufia nyumbani, naye akabaki na ugonjwa ule ule. Alipanga chumba cha uani kwa rafiki yake. Mwisho wa kitabu habari zinatoka, mawifi wa mwenye nyumba wanamtupia vyombo vyake barabarani, mtaa mzima ukisema amewahadaa, amelisha watoto wa watu kutoka chungu kimoja.

Melania aliikumbuka Jumapili ile. Hakuandika tu maneno yale, aliyasema, kwa sauti, akimega kachori. Alikuwa amechoka. Mwezi mzima alikuwa vijijini na orodha za mahindi ya msaada, na Herman alikuwa ndani na homa. Na jambo la aibu ni kwamba Alhamisi ya wiki ile ile alikuwa amesimama mbele ya akina mama wa kata, ameshika picha za semina, akiwaambia kwamba Ukimwi hauambukizwi kwa kikombe wala kwa sahani. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini watu wa kwenye kitabu, alifikiri, hawana masikio.

Nyamizi hakubishana siku ile. Aliuliza tu, "Umekisoma chote, Mama Herman?"

"Chote."

"Hata cha kati?"

"Nimesema chote."

"Haya," Nyamizi alisema, akainama kuokota nyuzi zilizomwangukia kwenye khanga.

Sasa Melania alitazama safu ya Nyamizi, mwezi wa Aprili. Ilikuwa tupu. Katika miaka yote ya daftari lile, ndiyo nafasi pekee aliyoiacha tupu, na katibu hakuwa ameuliza.

"Endelea," Mama Riyaz alisema.

Wakaenda Mei, wakaenda Juni. Mei kilikuwa kitabu cha wachawi na wote walikidharau.

"Mei ndipo Mama Tabu alipoanza kuja na kikombe chake," Mama Riyaz alisema, kama anayekumbuka hali ya hewa.

"Kile cha bati cha bluu." Melania alitabasamu. "Nikamwambia amekuwa mzungu, anatembea na kikombe."

"Ulimwambia."

"Akasema bati linashika joto."

"Ndivyo alivyosema."

Melania alifika Julai, na hapo kidole chake kikasimama kwenye safu ya vipande. Julai, Nyamizi, kipande cha tatu. Agosti, Nyamizi, cha tatu. Septemba, cha tatu. Oktoba, cha tatu. Chini ya Agosti palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, umebonyezwa kwa nguvu: *Mama Tabu ameomba tena kuanza na mwisho. Si haki kwa wengine.*

"Alikuwa anadeka," alisema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika. "Kila mwezi mwisho kwanza. Nilimwambia kusoma mwisho kwanza ni wizi."

"Alikuwa hana uhakika wa kuifikia siku ya thelathini," Mama Riyaz alisema. "Akasema, 'Mwanzo wa hadithi naweza kuubuni mwenyewe. Mwisho siwezi, nipeni mwisho.'"

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati, tone moja moja, ndani ya pipa.

"Wewe ulijua."

"Tangu Juni. Aliniambia mwenyewe. Pale barazani, mguu uko kwenye mashine."

Melania alifunga daftari. Mume wa Nyamizi alikuwa mchimbaji, alikufa mwaka wa tisini na tano huko maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, ikasemwa kifua. Na Nyamizi alipoanza kukonda, Melania alimwambia ale maharage, aache kushona hadi giza. Alipoondoka Oktoba akisema anaenda kupumzisha kifua kwa dada yake, Melania alilalamikia sare za shule zilizobaki bila kushonwa. Dalili zote alizifundisha kwenye semina, kwa picha.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" alisema. "Nina ofisi. Nina watu hospitalini. Ningemsaidia. Wewe una nini cha kumsaidia, samahani, una vitambaa. Kwa nini asije kwangu?"

Mama Riyaz hakukasirika. Aliingiza mkono chini ya mto wa kiti, akatoa bahasha ya kaki, ndogo, ya zile anazouza dukani.

"Kura yake. Aliniachia siku ya kuaga. Akasema nisiifungue kabla ya siku yenyewe. Fungua wewe, ndiye katibu."

Ndani kulikuwa na kipande cha karatasi ya kukatia mitindo ya nguo, na maneno matatu kwa mwandiko wa darasa la saba, wa kusimama wima. *Mpangaji wa Uani.*

"Hiki?" Melania alisema. "Katika kumi, hiki?"

"Ulikisoma cha kati?"

Neno "chote" lilifika ulimini. Mara mbili alishalisema, na mara zote mbili lilipita vizuri. Safari hii halikupita.

"Sikukisoma."

Mama Riyaz aliiokota bahasha tupu, akaikunja.

"Nilianza na mwisho. Cha kati nilipewa na Nyamizi, kikakaa chini ya godoro siku kumi. Orodha za mahindi, Herman, homa. Siku ikafika, nikakuletea wewe kilivyo, nikaandika nimesoma. Kisha nikasoma mwanzo. Nilijua mwanzo, nilijua mwisho. Nilidhani kati mtu anaweza kukisia."

"Nilijua hukukisoma. Nilipokipokea, uzi ulikuwa bado umekaza, na kurasa bado zimebanana."

"Uzi gani?"

Mama Riyaz alinyanyuka, akashika magoti yake kwanza, moja baada ya jingine. "Kipo hapo mkekani. Kisome. Mimi nakwenda kuswali."

Melania alivuta kitabu cha nne katika mstari. Alitoa kipande cha kati, akakiinua, na kikajifungua chenyewe pale kilipotaka kufunguka. Ukurasa wa themanini na nane. Pembeni, kwenye nafasi isiyo na maandishi, uzi wa bluu ulikuwa umepitishwa kwa sindano mara mbili na kupigwa fundo. Nyamizi alikuwa na tabia ya kuweka uzi alipoishia kusoma, lakini siku zote aliuchukua, maana fundi hatupi uzi. Huu haukuwekwa kwa ajili ya kuishia. Huu ulishonwa.

Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

Mpangaji anafika asubuhi, mzigo kichwani. Mwenye nyumba anamwambia ashushe. Mpangaji hashushi. Anasema, kabla sijashusha, nikwambie, ili kama ni kugeuka nigeuke nao ukiwa kichwani. Anamwambia yote, pale mlangoni, jina la ugonjwa, na mume, na vipimo. Mwenye nyumba hafungi mlango. Ana kikombe cha chai mkononi, ameshakinywa nusu. Anampa kile kile. Anasema, kunywa, kisha shusha mzigo, shingo itakuuma. Na watoto usiwaambie, wala mawifi zangu usiwaambie, hawana vifua. Mimi umeniambia, inatosha.

Ukurasa ukaisha. Melania aliurudia. Basi mwanamke hakuwa mwongo. Alisema kabla hajaingia ndani, na aliyemtaka anyamaze ni mwenye nyumba. Kila alichokihukumu Melania kilikuwa kimejibiwa hapa, kwenye kurasa alizozilalia siku kumi.

Akafikiria jinsi kilivyomfikia. Nyamizi alianza na cha kati mwezi ule. Alikaa nacho siku kumi, akashona uzi, akatembea nyumba tatu, akamletea mwenyewe. "Hiki kina mambo, Mama Herman," alisema. Melania alikuwa anapepeta mchele. Alimwambia, "Weka hapo."

Mama Riyaz aliporudi, mtandio umemzunguka uso, alimkuta hajaondoa kidole ukurasani.

"Ulipoona uzi, hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Nikasema, Mama Tabu, umesahau uzi wako. Akasema, 'Uache hapo hapo. Si wako.'"

"Alidhani nimesoma."

"Alidhani umesoma ukurasa ule, halafu ukasema uliyoyasema."

"Ungemwambia. Mama Riyaz, ungemwambia sijasoma. Wewe uliona uzi umekaza."

"Nilimwambia." Mama Riyaz alikaa, akatazama kiti cha tatu, si Melania. "Juni, aliponieleza hali yake, nilimwambia nenda kwa Mama Herman, yule hakusoma, ana shughuli nyingi, alisema tu. Akakataa. Akasema, 'Nilimuuliza mara mbili. Mama Herman ana mdomo mkali, lakini hasemi uongo.'"

Melania hakulia. Ingekuwa nafuu. Aliangalia sinia, vikombe vitatu vya kaure, viwili vimetumika na kimoja kikavu, na akakumbuka kile cha bati kikitoka kwenye mkoba wa Nyamizi mwezi hadi mwezi, kikioshwa na mwenyewe pale kwenye pipa, kikirudishwa mkobani. Miezi mitano. Alikuwa amemtengea kikombe, na mwenzake alimsaidia kukibeba.

"Siku ya kuaga," alisema baadaye, "alisema nini?"

"Alisema nikusalimie."

"Basi?"

"Na kwamba sare za watoto wako amezimaliza. Za wengine ndizo zimebaki."

Zilikuwa kweli zimemalizika. Melania alizikuta dukani, zimefungwa gazeti, akadhani ni Mama Riyaz aliyemtafuta fundi mwingine.

Mvua ikaanza tena, nyepesi. Wakavuta mkeka chini ya bati. Kura ilibidi imalizwe, na hakuna aliyejua namna nyingine ya kukaa pamoja zaidi ya kuimaliza. Mama Riyaz aliandika kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma mbele. *Mpangaji wa Uani.* Mbili.

"Na mimi naweka hicho," Melania alisema.

"Wewe ulikuja na daraja."

"Nimebadili."

"Usibadili. Mbili kwa moja zinatosha, kimeshinda bila wewe. Andika daraja lako."

Lilikuwa jambo kali, na lilisemwa kwa upole, na Melania aliona ni haki. Akaandika daraja. Kisha akauliza sindano iko wapi.

Hakuwa anajua kushona. Mama yake alimpeleka shule ili asishone. Kwenye droo ya mashine iliyofunikwa turubai barazani alikuta wembe, mkasi, sindano kubwa na kibiringo cha uzi mnene kilichobaki robo. Aliunganisha vipande vitatu, mwanzo, kati, mwisho, akavipanga kingo kwa kingo, akaanza kutoboa. Uzi ulimkata kidole. Mishono ilikwenda upande kama mbuzi waliokosa mchungaji.

"Kaza," Mama Riyaz alisema. "Hivyo kitafunguka kabla ya Idi."

"Nakaza."

"Na ule wa bluu?"

"Unabaki."

Alishona mpaka mwisho. Kilitoka kibaya, kimevimba mgongoni, lakini kurasa zilishika. Vilivyobaki alivifunga kamba kwa ajili ya shule, kimoja kimoja, hadi akafika cha Oktoba. Kilikuwa na vipande viwili tu. Cha tatu kilikwenda Katoro kwenye mkoba wa Nyamizi, na dada yake aliandika kwamba vitu vya marehemu vyote vimeshagawanywa.

"Mwisho wake ulikuwa mzuri kiasi gani?" Mama Riyaz aliuliza. "Sisi hatukuufikia."

"Aliusoma yeye."

"Basi hiki tusikipeleke. Watoto watauliza."

Wakakiweka kando. Mama Riyaz akaingia ndani, akarudi na kitabu kipya, cha Januari inayokuja, bado kina harufu ya gundi. Riyaz alikileta kabla reli haijafurika. Akakiweka mkekani, na juu yake akaweka wembe wa Nyamizi.

"Viwili sasa," alisema. "Wewe na mimi. Nusu kwa nusu."

Melania aliuchukua wembe, akaufunga kwenye karatasi yake, akauweka kando, pamoja na sindano.

"Hatukati tena. Anza wewe. Soma mpaka umalize, ndipo unipe."

"Mimi msomaji wa polepole siku hizi. Macho. Utangoja hata miezi miwili."

"Nitangoja."

"Wewe? Kungoja?"

"Nimesema nitangoja, Mama Riyaz."

Kisha akafungua daftari, akatafuta Aprili. Kwenye safu ya vipande, mbele ya jina lake, palikuwa na neno *amesoma*, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri wa ofisini. Alilikata kwa mstari mmoja ulionyooka, lisifutike kabisa, lisomeke kilichokuwapo. Juu yake akaandika: *Hakusoma. Amekisoma 28 Desemba.* Akafikiria kama aongeze kitu chini ya neno lake la Aprili. Akatafuta muda mrefu, kalamu mkononi, chai ikipoa, na kila neno lililokuja lilikuwa limechelewa.

Safu ya Nyamizi aliiacha ilivyo.